Jinsi ya kuchagua bunduki nyepesi ya vipande kwa kuwinda elki milimani

Anayewinda elki (kulungu mkubwa wa Amerika Kaskazini) kwenye milima ya Idaho, Montana au Colorado, majimbo ya Marekani, anapanda na hema, chakula, jiko, maji na nguo za baridi, na akijaliwa atashuka na nyama mgongoni. Dume la elki lina kilo 300 na ushei, mzito kidogo kumshinda tandala mkubwa wa kwetu, na nyama yake haishuki mlimani kwa safari moja. Ndiyo maana watu wanahesabu kila gramu, na ndiyo maana bunduki ya vipande inavutia. Hiyo ni bunduki ambayo mtutu wake unatolewa na kurudishwa na mwenyewe, bila kwenda kwa fundi. Inaingia ndani ya shanta, hainasi kwenye matawi, na kwenye ndege ndogo inapata nafasi ambayo bunduki nzima haiipati.

Naandika kwa ajili ya ndugu zetu wanaozungumza Kiswahili walioko Boise, Missoula, Denver na miji kama hiyo, ambao wameona majirani wakijaza friza kila vuli na sasa wanauliza waanzie wapi. Msimamo wangu niuseme mapema: maungio kwanza, uzito baadaye. Maduka yanauza uzito kwa sababu namba ni rahisi kuibandika kwenye tangazo. Maungio hayabandikiki, lakini ndiyo yatakayoamua kama risasi itakwenda ulikolenga.

Hatua ya 1: Jiulize kama unaihitaji kweli

Bunduki ya vipande ina maana kwa mtu anayesafiri kwa ndege ndogo Alaska, anayepakia farasi au baiskeli ya mlimani, au anayetembea saa nyingi kwenye msitu mzito kabla ya kufika anapowinda. Ina maana pia kwa anayeishi kwenye fleti na hataki jirani amwone akipanda ngazi na sanduku refu. Kama unaegesha gari barabarani na kuwinda umbali wa saa moja kutoka hapo, nunua bunduki ya kawaida iliyo nyepesi. Utalipa kidogo, na hutakuwa na sehemu moja zaidi ya kulegea.

Kumbuka pia kwamba vipande ni vya safari. Ukishafika kambini bunduki inaungwa, na inabaki imeungwa mpaka siku ya kurudi. Elki hatakungoja utoe mtutu kwenye mfuko. Na Montana na Wyoming kuna dubu aina ya grizli; bunduki iliyolala vipande viwili ndani ya shanta haimsaidii mtu yeyote. Huko dawa ya pilipili ya kumfukuza dubu inavaliwa kiunoni au kifuani, mahali mkono unapofika bila kuvua kitu.

Kuna njia ya kati ambayo wengi hawaifikirii, nayo ni bunduki ya kawaida yenye kitako cha kukunja. Springfield Armory wanatengeneza Model 2020 Redline ya namna hiyo. Mtutu hautolewi na darubini haiguswi, ila urefu unapungua vya kutosha kuingia kwenye shanta kubwa. Kwa anayetembea kwa miguu tu, mimi ningeitazama hiyo kabla ya kununua ya vipande.

Hatua ya 2: Weka karatasi zako sawa na uchague risasi

Hili la karatasi lisipitwe haraka, hasa kwetu wahamiaji. Kwa sheria ya taifa ya Marekani, mwenye green card (kibali cha ukaazi wa kudumu) anaruhusiwa kununua na kumiliki bunduki, na mkimbizi aliyepokelewa kihalali hazuiwi kwa sababu ya hadhi yake hiyo. Aliyeingia kwa viza ya muda, kama ya masomo au ya matembezi, kwa kawaida amekatazwa, ila sheria inamfungulia mlango akiwa na leseni halali ya kuwinda iliyotolewa Marekani. Dukani utajaza fomu namba 4473, ile ya serikali ya taifa ya kununua bunduki, na kupekuliwa rekodi zako. Ijaze kwa ukweli mtupu, na kama hujaelewa swali, muulize mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kutia saini. Mtu asiye raia akitiwa hatiani kwa kosa la bunduki anaweza kufukuzwa nchini. Kwa sababu hiyo hiyo usimwazime bunduki rafiki ambaye huna hakika na karatasi zake.

Jimbo nalo lina masharti yake. Colorado inadai cheti cha mafunzo ya uwindaji kwa kila aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1949 au baadaye, Idaho kwa waliozaliwa kuanzia 1975. Alaska, mgeni asiye raia wa Marekani na asiyeishi nchini humo lazima aongozane na mwongozaji mwenye leseni kwa kila mnyama mkubwa, hata kwa wale ambao Mmarekani wa jimbo jingine anaweza kuwawinda peke yake.

Masharti mengine yanagusa bunduki yenyewe. Bunduki ya mtutu mrefu isiwe na mtutu chini ya inchi 16 wala urefu wote chini ya inchi 26, la sivyo inaingia kwenye kundi jingine la kisheria lenye usajili wake. Anayenunua mitutu ya kubadilisha alikumbuke hili. Colorado kwa elki inataka mtutu wa inchi 16 au zaidi, kipenyo kisichopungua inchi .24, kichwa cha risasi kisichopungua greni 85 (gramu 5.5 hivi), na nguvu ya futi-paundi 1,000 (kipimo cha nishati ya risasi) kwenye yadi 100.

Hicho ni kiwango cha chini cha sheria. Kwa elki ningependekeza risasi aina ya 7mm-08 Remington au .308 Winchester. Zote mbili ni fupi, kwa hiyo mwili wa bunduki (sehemu ya katikati inayobeba bolti na triga) unakuwa mfupi na mwepesi. Zinaua elki bila shida ndani ya mita 300 ukitumia kichwa cha risasi kigumu kinachopenya, na .308, iliyoko sokoni tangu 1952, utaikuta hata kwenye duka la mji mdogo wenye kituo kimoja cha mafuta. .30-06 ni nzuri pia, ila inahitaji mwili mrefu kidogo. .300 Winchester Magnum ndani ya bunduki nyepesi mimi siishauri kwa anayeanza. Sababu yake iko mbele.

Hatua ya 3: Chunguza maungio, kisha uulize darubini inakaa wapi

Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Bunduki ya kawaida mtutu umekazwa kwa fundi na kwa mashine, hausogei. Ya vipande unautoa na kuurudisha wewe mwenyewe, mikono imeganda, mwanga hafifu. Maswali ni mawili. Je, inafunga kwa usalama? Je, inapiga palepale ilipopiga jana?

Usalama unategemea bolti, kile chuma kinachoifungia risasi nyuma ya mtutu, inajifunga kwenye nini. Kwenye bunduki nzuri za vipande, meno ya kichwa cha bolti yanajifunga ndani ya mtutu wenyewe au ndani ya kipande kilichoshikamana na mtutu. Blaser R8 ina pete inayotanuka na kushika mtutu pande zote. Merkel Helix ina meno saba. Browning BLR nayo bolti yake inashika mtutu. Faida yake ni kwamba nafasi kati ya bolti na kitako cha risasi, kipimo ambacho kikikosewa kinaweza kupasua ganda mbele ya uso wako, iko ndani ya mtutu na haibadiliki kwa sababu umekaza skrubu kwa nguvu au kwa ulegevu. Ukikuta bunduki ambayo kipimo hicho kinategemea unavyokaza, iache dukani.

Swali la pili linajibiwa na mahali darubini ilipofungwa. Darubini ikikaa juu ya mtutu, vitu hivyo viwili vinatembea pamoja. Mtutu ukirudi umepinda kwa unywele mmoja upande wa kushoto, darubini nayo imepinda unywele uleule, na risasi inakwenda pale unapoona. Darubini ikikaa kwenye mwili wa bunduki, kila unapofungua na kufunga unategemea chuma kirudi mahali pake kwa usahihi kamili. Chembe moja ya mchanga kwenye maungio inatosha kukusogeza.

Winchester za zamani za vipande, zile za wenzo (kipini cha chini ya triga unachokishusha na kukipandisha kupakia risasi) za mwisho wa karne ya 19, zinaonyesha jambo hili vizuri. Maungio yake yalilegea kwa miaka, na wenyewe waliendelea kupata nyama nazo, kwa sababu nundu ya mbele na ya nyuma za kulengea zote zilikuwa juu ya mtutu. Mtu akija leo akafunga darubini juu ya mwili wa bunduki hiyohiyo, atashangaa kwa nini haikai sawa.

Kwa hiyo dukani fanya hivi. Thibitisha kuwa haina risasi, tazama chemba (tundu la nyuma ya mtutu inamokaa risasi) kwa jicho na uguse kwa kidole. Omba kuifungua mwenyewe, usimwache muuzaji akuonyeshe tu. Iunge. Shika kitako kwa mkono mmoja na mtutu kwa mwingine, jaribu kuusukuma juu, chini, kushoto, kulia. Usisikie mchezo wowote, wala mlio wa chuma kugonga chuma. Ifungue tena utazame nyuso zinazogusana. Kwenye bunduki iliyotumika, sehemu iliyong'aa upande mmoja tu inakuambia kuwa haikai sawasawa. Rudia kufunga na kufungua mpaka ujue kama mikono yako itaweza kazi hiyo ikiwa ndani ya glavu.

Hatua ya 4: Zijue koo zake

Nyumbani kwa bunduki nyepesi ya vipande ni milima ya Alps, ambako wawindaji wa Ujerumani na Austria wanafuata shamoa, mbuzi-mwitu wa miamba. Wao wana bunduki waiitayo Kipplauf: inakunjika katikati, inabeba risasi moja tu, darubini imekaa juu ya mtutu, na ikifunguliwa unabaki na mtutu, kitako na kipande cha mbele cha kushikia. Blaser K95 na Merkel K5 zina uzito wa karibu kilo 2.5. Kwa maungio na wepesi sijaona kinachozipita. Tatizo ni ile risasi moja. Kwa mtu mtulivu anayekaribia mnyama na kupiga mara moja, inatosha. Kwa anayeanza, elki aliyejeruhiwa akiingia kichakani kabla hujapachika risasi ya pili ni huzuni itakayokufuata, na ni mateso kwa mnyama.

Blaser R8, iliyotoka 2008, ndiyo wengi wanaiona kama kipimo cha wengine. Bolti unaivuta nyuma moja kwa moja bila kuizungusha, darubini inashika mtutu kwa kishikio kinachotolewa kwa mkono na kurudi palepale, na unaweza kubeba risasi ikiwa chembani bila springi ya kufyatulia kukazwa, mpaka usukume kitufe kwa dole gumba. Ina jambo moja la kuliangalia kwa makini: triga na magazini (kisanduku cha risasi) vinatoka pamoja kama kipande kimoja. Ukikidondosha kwenye theluji huna bunduki tena. Na ni ghali. Kwa bei ya R8 moja mpya unaweza kununua BLR mbili.

Merkel Helix nayo ni ya kuvuta moja kwa moja, na mtutu unatoka bila ufunguo wowote. Kwa mtu anayejua kuwa atapoteza ufunguo, hilo lina uzito wake.

Browning BLR ya vipande ndiyo ningemwelekeza mtu wa kawaida mwenye familia na kodi ya nyumba. Ni ya wenzo, lakini ina magazini ya kuchomoa, kwa hiyo inakula risasi zenye ncha kali, tofauti na bunduki nyingi za wenzo. Mwili wake ni wa alumini. Ya .308 ina takriban kilo 3 bila darubini. Inafunguka bila vifaa. Udhaifu wake ndio huo niliousema: darubini kwa kawaida inakaa kwenye mwili, mbali na mtutu. Kuna kishikio cha kuifunga juu ya mtutu, kwa darubini zile zinazotazamwa kwa mbali na jicho, na anayeifungua mara nyingi akitafute. Anayeifungua mara moja tu, kufika kambini, na akapiga risasi ya kuhakiki kabla ya msimu kufunguliwa, anaweza kuishi na mpangilio wa kawaida.

Ruger 10/22 ya vipande utaiona kila duka, nzuri na rahisi, lakini ni ya .22. Hiyo ni ya sungura na mazoezi.

Hatua ya 5: Pima kila kitu, kisha usivuke mpaka

Namba ya kwenye tangazo ni ya bunduki tupu. Chukua mizani ya jikoni ujumlishe. Bunduki ya kilo 2.7, darubini ya kawaida ya 3-9x40 (inayokuza mara 3 hadi 9, kioo cha mbele milimita 40) gramu 350 hadi 400, vishikio vyake gramu 100 na kitu, mkanda gramu 100, risasi nne za .308 gramu 100 nyingine. Tayari uko kilo 3.4. Ongeza mfuko wa kubebea vipande na ufunguo, maana hivyo navyo vinapanda mlima pamoja nawe.

Kilo 3.2 hadi 3.6, ikiwa imekamilika na ina risasi, ndipo ningemwacha mwindaji wa elki. Chini ya hapo mambo mawili yanaharibika. La kwanza ni teke: nishati yake inapanda kadiri uzito unavyoshuka, kwa hiyo risasi ileile kwenye bunduki ya kilo 3 inapiga theluthi moja zaidi kuliko kwenye ya kilo 4. Ndiyo sababu nimeikataa .300 Magnum. Mtu akipigwa vya kutosha anaanza kufumba macho kabla ya kufyatua, na hapo hakuna darubini itakayomsaidia. La pili ni kutulia. Bunduki nyepesi inafuata mapigo ya moyo wako, na kwenye mita 2,800 baada ya kupanda, moyo unapiga kweli. Fimbo mbili za kutembelea zilizofungwa pamoja na kuegemewa zitakusaidia kuliko gramu 300 ulizopunguza.

Kuna kifaa chenye matundu kinachofungwa mdomoni mwa mtutu kupunguza teke. Kinafanya kazi, ila mlio unarudi nyuma kwako na kwa mwenzako. Ukikitumia, kinga masikio kila mara, hata porini.

Hatua ya 6: Ijaribu kabla hujaiamini

Nenda uwanja wa shabaha na karatasi nne mpya, mita 100, kifuko cha mchanga chini ya kipande cha mbele. Piga risasi tatu kwenye karatasi ya kwanza. Tatu tu, kwa kuwa mtutu mwembamba ukipata moto unatawanya. Uache upoe mpaka uushike bila kusikia joto. Ifungue kabisa, itie mfukoni, beba mfuko mpaka kwenye gari urudi, iunge. Karatasi ya pili, risasi tatu. Hivyo hivyo mpaka ya nne, bila kugusa vitufe vya darubini hata kidogo.

Sasa zibebanishe karatasi zote nne na uziinue kwenye jua. Usihesabu ukubwa wa kila kundi kwanza. Tafuta katikati ya kila kundi. Vituo hivyo vinne vikiwa ndani ya sentimita 3, umepata bunduki. Moyo na mapafu ya elki vina upana wa sentimita 30 hivi, na sentimita 3 za mita 100 zinakuwa 9 kwenye mita 300, hapo bado uko ndani, ilimradi hujaongeza makosa yako mwenyewe. Vikitawanyika sentimita 6 au 7, tafuta sababu: uchafu, skrubu ya darubini, unavyokaza. Kama mtengenezaji ametoa kipimo cha kukaza, tumia ufunguo wenye kipimo. Ukishafanya yote hayo na bado inatangatanga, iuze.

Baada ya hapo piga risasi moja moja siku mbalimbali, kila mara ukiwa umetoka kuiunga na mtutu ni baridi. Risasi ya kwanza ya asubuhi ndiyo utakayompiga nayo elki.

Hatua ya 7: Safarini na kambini

Kwenye ndege ya abiria bunduki inakwenda kwenye mizigo ya chini, tupu, ndani ya sanduku gumu lenye kufuli, na unaitangaza kaunta. Risasi zinakaa kwenye pakiti zake; mashirika mengi yanaishia kilo 5. Hapa bunduki ya vipande inakulipa, kwa sababu sanduku lake ni fupi.

Kambini, unga bunduki juu ya kitambaa safi kilichotandikwa ndani ya hema, usiungie kwenye majani. Futa nyuso za maungio kwa kidole kikavu. Mafuta mengi yanaganda kwenye baridi na kushika vumbi. Kabla ya kuunga, tazama mwanga ndani ya mtutu toka nyuma hadi mbele. Theluji au jani lililoziba linaweza kuupasua. Kisha funga mdomo wa mtutu kwa kipande cha utepe wa plastiki. Ukiwa na mitutu miwili ya risasi tofauti, beba mmoja tu na risasi zake tu, kwani risasi ya namba nyingine ikiingia kwenye chemba isiyo yake inaweza kukutoa macho.

Ufunguo, kama unahitajika, ufunge kwa kamba ya rangi kali ndani ya mfuko wa bunduki, na wa pili umpe mwenzako. Pale mtutu unapokutana na mwili, chora mstari mwembamba wa rangi nyeupe unaovuka pande zote mbili. Kila asubuhi kabla ya kutoka kambini, washa tochi uutazame mstari huo. Ukiwa umekatika hata kidogo, fungua, futa, unga upya, na kama bado unaruhusiwa kupiga mahali hapo, piga risasi moja ya kuhakiki kabla hujaanza kupanda.